Glavu za Rangi ya Chungwa

Katika mwaka wake wa tatu wa kugonga milango ya waajiri wa Arusha, Simaloi Koikai alikuwa amekwisha kufukuzwa na watu wa kila aina. Mwenye kiwanda cha matofali kule Kisongo alimwambia arudi akishapata mume. Mwenye gereji ya Unga Limited alipokea barua yake kwa mikono miwili, akamshukuru, kisha akaitumia kufutia stiki ya oili mbele ya macho yake. Mama mmoja wa mashine ya kukoboa mahindi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Hayo mafunzo yanazuia ajali, au yanazuia wakaguzi?"

"Yote mawili, mama."

"Basi acha wakaguzi waje kwanza."

Barua aliyokuwa akiisambaza ilikuwa ya taasisi ndogo ya mafunzo iliyopanga vyumba viwili Levolosi, juu ya duka la sare za shule. Taasisi ilifundisha usalama na afya mahali pa kazi, siku mbili, chakula cha mchana kikiwemo. Haikufundisha wafanyakazi. Ilifundisha waajiri. Simaloi ndiye aliyeandika sentensi ya kwanza ya barua hiyo, na aliiamini: mfanyakazi akifundishwa atajua kitakachomuumiza, lakini mwajiri akifundishwa anaweza kukiondoa.

Alikuwa na miaka arobaini, mzaliwa wa Ngaramtoni, mwenye viatu vilivyolika upande mmoja. Meza yake ya ofisini ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo alikuwa amekunja vipeperushi vitano vya taasisi. Mdogo wake Lomayani, fundi mbao, kila alipopita mjini alikuwa akiitikisa meza ile kwa kidole.

"Dada, watu wa usalama mnakaa juu ya karatasi? Mtu anayeitegemeza meza kwa karatasi hata nyumba yake ataitegemeza kwa karatasi. Siku moja nitakuja na randa ya mkono niinyooshe hii aibu."

"Umesema hivyo tangu Pasaka."

"Pasaka ya mwaka gani sikusema."

Mama yao alikufa Lomayani akiwa na miaka minne. Simaloi, mwenye kumi na mbili, ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyempeleka kipaimara, na ndiye aliyemwombea kazi yake ya kwanza kwenye karakana ya Mzee Yoeli, pembeni ya barabara ya Nairobi. Lomayani aliingia mle akiwa mfagia maranda. Sasa, akiwa na miaka thelathini na miwili, ndiye aliyesimama kwenye mashine ya randa, na mbao zote za karakana zilipita mikononi mwake kabla ya kugeuka kitu.

Jumapili moja, wakila nyumbani kwa Lomayani kule Ngaramtoni, aliitaja mashine hiyo kwa namna ambayo mtu hutaja ng'ombe mkorofi. Ilikuwa na kifuniko cha chuma cha kufunika visu, alisema, lakini kifuniko kilikaa ukutani, kwenye msumari, jirani na kalenda ya kanisa. Mgeni wa serikali akija, kinashushwa na kuvishwa mashine. Mgeni akiondoka, kinarudi msumarini. Buibui alikuwa amekwisha kuhamia.

"Kwa nini msikiache tu kwenye mashine?"

"Kinachelewesha. Ubao mpana unakwama."

"Na wewe unakubali?"

"Mimi naulizwa mbao ngapi, dada. Siulizwi vidole vingapi."

Mkewe, Namelok, alicheka. Simaloi hakucheka. Kesho yake asubuhi alikuwa karakanani.

Mzee Yoeli alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Meru, mpole wa sauti, mwenye penseli sikioni hata siku za ibada. Alimpokea akiwa amesimama katikati ya mafundi wake, na hakumpa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si dada yake Lomayani? Umekuja kumwombea ruhusa?"

"Nimekuja kukuomba wewe uje darasani, mzee."

Yoeli aliwatazama mafundi, wakajua kwamba wanaruhusiwa kucheka.

"Binti, nilianza kazi hii na msumeno wa mkono, baba yako bado anachunga. Wewe utanifundisha nini?"

"Kwa nini kile kifuniko kiko ukutani."

"Kiko ukutani kwa sababu nimekitundika."

Walicheka tena, kwa nguvu zaidi. Lomayani alikuwa ameinamia mashine yake, na shingo yake ilikuwa imekakamaa. Simaloi aliona kwamba akitoka hivi hivi, mdogo wake ndiye atakayetaniwa mwezi mzima. Basi akaacha habari za visu, akasema kile ambacho Gadiel, mwenye taasisi, alikuwa akimhimiza siku zote aanze nacho: kwamba shule na makanisa yanayotoa kazi kubwa siku hizi huulizia cheti cha usalama.

Yoeli alitoa penseli sikioni.

"Hicho cheti kinaandikwa jina la nani?"

"La mwajiri."

"Lete fomu."

Simaloi alirudi Levolosi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa furaha tu.

Waajiri wa mji huu wana desturi moja ambayo haijaandikwa popote. Barua ikisema njoo wewe mwenyewe, wao humtuma yule ambaye kutokuwepo kwake hakutaonekana. Siku ya kwanza ya mafunzo, kati ya watu ishirini na wawili waliokaa ukumbini, wenye biashara zao walikuwa watano. Waliobaki walikuwa madereva, mpiga chapa mmoja, mjomba wa mtu, na mlinzi aliyekuja na rungu lake. Kwa niaba ya Mzee Yoeli alikuja Joyce, mtunza stoo, amevaa gauni la harusini.

"Bosi ana msiba," alisema.

"Wa nani?"

"Hakusema. Hata mimi nimeshangaa, maana nimemwacha anapima mbao."

Simaloi alimfuata Gadiel mlangoni, akamwambia kwamba mafunzo ni ya waajiri. Gadiel alikuwa akihesabu sahani.

"Kiti kikikaliwa ni kiti, dada Simaloi."

Somo la mashine lilikuwa alasiri ya siku ya pili, na mwalimu wake alikuwa Tarlochan, Singasinga wa miaka sabini na moja aliyefunga mashine za mbao kuanzia Tengeru mpaka Babati na kubaki na vidole tisa. Hakutumia picha. Alichukua glavu nzito, akajaza karoti tano ndani ya vidole vyake, akawasha drili, akaisogeza glavu mpaka ikagusana na ncha. Ilijizungusha yote kabla mtu hajapepesa macho. Karoti zilisikika zikivunjika.

"Mkono mtupu ukigusa kisu, kisu kinachukua kilichogusa," alisema. "Mkono wenye glavu, kinaufuata mpaka kwenye kifundo, kwa sababu kitambaa hakijui kuachia. Kubeba mbao, vaa. Kwenye mashine inayozunguka, vua. Andika hiyo."

Waliandika. Joyce hakuandika, kwa sababu robo saa kabla alikuwa amemnong'oneza Simaloi mlangoni, simu ikiwa bado mkononi.

"Bosi anataka niende benki kabla hawajafunga. Uniwekee tiki basi, dada."

"Hili ndilo somo lenu, Joyce."

"Ukimwambia yeye hivyo, mimi sina kazi kesho."

Simaloi alimtazama akishuka ngazi na gauni lake la harusini, kisha akafungua daftari la mahudhurio na kuweka tiki. Ilimchukua muda ule ule unaotumika kumfungulia mtu mlango. Wiki iliyofuata alikichapa cheti kwa mkono wake: Yoeli Aikaeli, mwajiri, amehudhuria na kukamilisha.

Joyce, alipoulizwa na bosi wake amejifunza nini, alikumbuka picha moja ya asubuhi ya kwanza: mtu aliyevaa kofia ngumu, miwani na glavu. Kofia ziliwachekesha mafundi. Miwani ingevunjika. Mzee Yoeli akachagua glavu. Alileta boksi zima, za rangi ya chungwa, nene, zenye mpira kwenye kiganja, akatoa amri kwamba asiye na glavu asiguse mashine; atarudi nyumbani siku hiyo. Kisha akawapanga mafundi wote kumi na mmoja mbele ya ukuta, akawaambia wainue mikono, akapiga picha na kumtumia Simaloi. Chini yake aliandika: Tumeyafanyia kazi mafunzo. Mungu awabariki.

Lomayani alikuwa wa tatu kutoka kushoto, meno yote nje.

Simaloi aliitazama picha ile mara nyingi kuliko alivyozoea kutazama picha. Katika miaka mitatu hakuna mwajiri aliyewahi kumtumia chochote. Gadiel akaamuru ichapwe kwenye bango kubwa, litundikwe Jumatatu darasa jipya litakapofunguliwa. Bango likaletwa Ijumaa alasiri, likaegemezwa ukutani ofisini. Tarlochan alikuwa amepitia kuchukua drili yake. Alisimama mbele ya bango, akavaa miwani.

"Nani amewavalisha hawa?"

"Mwajiri wao, mzee. Ametekeleza."

"Hawa ni watu wa randa. Na kile kule ukutani ni nini?"

Simaloi alisogea. Nyuma ya vichwa, kati ya mikono miwili ya rangi ya chungwa, kifuniko cha visu kilikuwa kwenye msumari wake.

"Mtu wake alikuwepo alasiri ile?" Tarlochan aliuliza. "Aliona karoti?"

"Alikuwepo."

"Basi ni mpumbavu. Mpigie. Glavu zitoke kwenye mashine leo. Leo, binti, usiseme kesho."

Ilikuwa saa tisa. Mzee aliondoka na drili yake. Simaloi alilitafuta jina la Yoeli kwenye simu, akalitazama. Akimpigia, Yoeli atamwita Joyce. Joyce atasema alikuwa benki. Cheti kitakuwa cha uongo, tiki itakuwa yake, na bango litakuwa la kuchomwa siku tatu kabla ya darasa. Yoeli mwenyewe alikuwa ameahidi kumletea waajiri wengine wawili. Jumanne, alijiambia, atakwenda kule kwa utulivu na kulisema kama ushauri tu. Alifikiria pia kumpigia Lomayani peke yake. Lakini Lomayani hajui kufunga mdomo. Ndani ya dakika tano karakana yote ingejua. Aliitia simu kwenye mkoba na kuvuta zipu.

Jumamosi karakana ilikuwa na haraka. Mabenchi arobaini ya kanisa moja la Maji ya Chai yalitakiwa yawe yamefika kabla ya kipaimara. Saa nne na nusu Lomayani alikuwa akisukuma ubao wenye fundo. Ubao uliruka kidogo, kama unavyoruka siku zote, na mkono wake wa kulia ukateleza mbele, kama ulivyowahi kuteleza mara nyingi. Mara hizo alikuwa akirudi nyumbani na ukucha uliochubuka. Safari hii visu vilipata kitambaa cha kushika. Fundi aliyekuwa jirani alisema baadaye kwamba hakusikia ukelele wowote, ila mlio wa mashine ulibadilika, ukawa mzito, kana kwamba imepewa mti mbichi.

Vilikwenda vidole vinne pamoja na nusu ya kiganja. Dole gumba lilibaki.

Gari la kumpeleka hospitali lilichelewa kwa sababu dereva alikuwa anapakia mabenchi. Wakati wanalisubiri, Mzee Yoeli alitoa amri moja tu, na ilitekelezwa mara moja: kifuniko kilishushwa kwenye msumari, kikapanguswa buibui, kikavishwa mashine.

Jumapili baada ya ibada Yoeli alifika wodini na wazee wawili wa kanisa na katoni ya juisi. Waliimba ubeti mmoja, wakaomba. Kisha akamvuta Simaloi kando, karibu na ndoo za kufanyia usafi, akatoa karatasi. Ilikuwa taarifa ya ajali, tayari imejazwa. Mfanyakazi hakuzingatia maelekezo. Kampuni imepata mafunzo, nakala ya cheti imeambatishwa. Vifaa kinga vimetolewa, picha imeambatishwa.

"Mafunzo tumepata," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Vifaa tumetoa. Kifuniko kipo, nenda kakipige picha. Nimefanya yote mliyosema ninyi. Sasa kosa tuliweke wapi, kama siyo kwa mwenye mkono?"

"Mzee, kifuniko kilikuwa ukutani."

"Nani amekiona ukutani? Wewe uliniletea cheti. Taasisi yenu initolee barua tu kwamba tulihudhuria lile somo la mashine. Ni mdogo wako, najua inauma. Mimi pia nimepoteza fundi."

Alipoondoka, Simaloi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mkono wa Lomayani ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko, umeinuliwa juu ya mto. Alikuwa macho muda wote.

"Daktari ameniuliza nani aliniambia nivae glavu kwenye randa," alisema. "Amesema hata mwanafunzi wa ufundi anajua. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa tisa."

Aliipiga hesabu hiyo polepole, huku akiangalia dari. "Simu yangu ilikuwa wazi."

"Najua."

"Ulikuwa na vocha?"

"Nilikuwa nayo."

Lomayani aligeuza uso ukutani. Simaloi alidhani amelala, akaanza kukusanya vikombe.

"Usiseme popote kwamba mimi ni mdogo wako," alisema Lomayani. "Ukiulizwa, mimi ni fundi wa Yoeli."

Usiku huo hakuandika kitu. Jumatatu aliandika, ukurasa mmoja, bila kupamba: kwamba mwakilishi wa karakana hakuwepo katika somo la mashine, kwamba tiki aliiweka yeye, kwamba mwajiri aliyetajwa kwenye cheti hakuingia ukumbini hata dakika moja, na kwamba kifuniko kinaonekana ukutani katika picha ile ile iliyoambatishwa. Gadiel aliisoma akiwa amesimama.

"Utatuzamisha wote kwa ajili ya kidole?"

"Vinne."

Alikataa kuipiga muhuri. Simaloi akaipeleka mwenyewe ofisi inayohusika, ikapokewa. Baada ya majuma matano lilitoka jibu: cheti kimefutwa, uchunguzi unaendelea, na mwajiri apate mafunzo upya, yeye au mwakilishi wake. Maneno hayo matatu ya mwisho Mzee Yoeli aliyapigia mstari kwa penseli yake.

Gadiel hakumfukuza Simaloi. Alikuwa amegundua jambo. Tangu habari za randa zienee barabara ya Nairobi, wenye karakana za mbao walikuwa wakipiga simu wenyewe. Darasa lililofuata lilijaa kabla barua hazijatoka. "Tungempata yule kijana aje aonyeshe mkono," alimwambia, "dakika kumi tu, kabla ya chai. Anakaa mbali?" Simaloi alijibu kwamba hamfahamu.

Alichokuwa nacho ni glavu ya kushoto ya Lomayani. Namelok alikuwa amempa ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Alasiri ya siku ya pili Tarlochan alipomaliza karoti zake, Simaloi aliomba nafasi, akaeleza kilichotokea, fundi mmoja, karakana moja, Jumamosi saa nne na nusu, akaipitisha glavu mstari kwa mstari. Mwenye gereji, yule wa stiki ya oili, aliuliza kama huyo fundi alikuwa amelewa. Mwingine aliivaa, akakunja na kukunjua vidole, akaibonyeza kwenye kiganja.

"Hii ni imara," alisema. "Mnajua zinauzwa duka gani?"

Tarlochan alimnyang'anya.

Wakati huo Joyce alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, gauni lile lile. Karoti alikuwa ameziona safari hii, nusu.

"Bosi ananiita dukani kupokea misumari. Dada, nisaidie. Ni saa moja tu imebaki."

Simaloi alifungua daftari, akatafuta mstari wa Yoeli Aikaeli, na kwenye kisanduku cha alasiri akaandika kwa herufi kubwa: HAYUPO. Joyce aliyaona maandishi, akashuka ngazi hivyo hivyo.

Jioni Gadiel aliliomba daftari ili avichape vyeti. Alifungua, akaona, akatabasamu kwa uchovu.

"Dada Simaloi, huyu ni mteja anayerudi."

"Hayupo."

"Nipe kalamu."

Simaloi alilichukua daftari kutoka mezani, akaliweka kwapani, akatoka. Gadiel alimfuata mpaka ngazini akimwambia kwamba asirudi, na Simaloi alikubali kwa kichwa bila kugeuka.

Alifika Ngaramtoni jua limeshakwenda nyuma ya vilima. Lomayani alikuwa kwenye meza ya chakula aliyoitengeneza mwenyewe mwezi ule wa ajali. Mguu mmoja ulizidi kidogo, na alikuwa amepanga kuupunguza kwa randa Jumapili ambayo aliishia wodini. Sasa alikula kwa mkono wa kushoto, na kila alipouegemea ule uliobaki dole gumba, meza iliyumba na mchuzi kumwagika.

Simaloi aliliweka daftari mbele yake, akalifungua kwenye ukurasa ule.

"Safari hii sikumwekea," alisema.

Lomayani aliusoma mstari huo.

"Neno hili umeliandika mara ngapi?"

"Mara moja."

Alilifunga kwa mkono wa kushoto, akalidondosha sakafuni, akalisukuma kwa mguu wake mpaka likaingia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukining'inia. Aliibonyeza meza kwa kiwiko, huku na huku. Haikuyumba. Kisha akamwita Namelok amwongezee mchuzi.